Bugarama hadi Bandarini: Kazi Iliyokosa Mwisho wa Safari

Barabara ya Taifa namba 1 ikitoka Bujumbura hupita Kamenge, hufika Gasenyi, kisha huanza kupanda. Kutoka hapo haitulii tena mpaka Bugarama, kilomita 35 hivi kutoka mjini, juu ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile. Bugarama iko kwenye mita zaidi ya 2,200. Ziwa Tanganyika, na gati za bandari ya Bujumbura zilizo ukingoni mwake, viko kwenye mita 770 na ushei. Tofauti inapita mita 1,400. Kwa miongo kadhaa vijana wa Muramvya na wa vilima vinavyoutazama mji wameiteremka barabara hii kwa baiskeli za chuma zilizobeba makaa au ndizi, kisha wakaipanda wakiwa wameshika nyuma ya malori. Hii ni ajira. Ndiyo iliyolipa karo za watoto, ikanunua mabati, ikatoa mahari. Ukiuliza Burundi ina waendesha baiskeli wangapi wa barabarani wanaoishi kwa miguu yao, wakuu wa michezo watakupa jibu fupi sana. Barabara ya Bugarama ina jibu lake, na ni refu.

Kazi hiyo inafifia. Wanaoizungumzia hutaja ajali kwanza, na ajali zipo: breki zinazokatika, lori linalosimama ghafla, ukungu wa asubuhi unaoficha kona. Lakini ajali zilikuwapo tangu mwanzo na hazikuwazuia watu. Katika miaka ya vita, barabara hiyohiyo ilikuwa na hatari kubwa kuliko mteremko. Desemba 2000 basi la Titanic Express, lililokuwa likitoka Kigali, lilivamiwa karibu na Mageyo na abiria wakauawa. Baiskeli ziliendelea kushuka hata baada ya hapo. Kilichoiangusha kazi hii, ninavyoona mimi, hakiko mlimani. Kiko chini, mjini na pwani ya ziwa. Mahali pa kufikia pameondolewa kipande kwa kipande, na anayeibeba hasara ni mtu ambaye mwili wake tayari umeshaanza kumkatalia.

Baiskeli ya Bugarama ukiitazama kwa karibu utajua haikutoka dukani ilivyo. Fremu imeongezwa vyuma vya kuchomelea shingoni mwa usukani na kwenye uma wa nyuma, mahali panapovunjika mapema. Karia imepanuliwa kwa vyuma vya nondo. Magunia ya makaa hulazwa kwa upana, moja juu ya jingine, yakakazwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kwa kuwa kamba ya kawaida hulegea mzigo ukitikisika na mpira haulegei. Mikungu ya ndizi hupangwa kwa namna nyingine: huning'inizwa kuume na kushoto mwa gurudumu la nyuma mpaka uzito ulingane, maana upande mmoja ukizidi, baiskeli huvutwa kwenye kila kona kuelekea upande huo. Ukimtazama mwendeshaji kwa nyuma huoni mtu, unaona mzigo unaotembea. Breki za mpira hazikutengenezwa kwa uzito kama huo. Kwenye mteremko usiokwisha hupata moto, hulainika na kulika. Kwa hiyo mguu nao huwa breki. Soli ya kandambili iliyokatwa kwenye tairi la gari hukandamizwa kwenye gurudumu la nyuma, na harufu ya mpira unaoungua humtangulia mtu kabla hujamwona.

Kupanda kuna hesabu yake, na hapo ndipo bandari inapoingia. Hakuna mwanadamu atakayepanda mita 1,400 kwa kanyagio kila siku na bado akabaki na nguvu ya kushuka na mzigo kesho yake. Lori ndilo linalompandisha. Lori lililopakia saruji, sukari, chumvi au makreti ya bia ya Brarudi huikwea njia ya Bugarama polepole, kwa gia nzito. Kijana hulingoja kwenye kona kali, mahali ambapo dereva hana budi kupunguza mwendo, hulikimbilia, hushika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja na kuuacha ule mwingine uongoze usukani. Wakati mwingine huwa watatu au wanne kwenye lori moja, wamepangana, moshi wa dizeli ukiwapiga usoni. Polisi wamelikataza jambo hili mara nyingi, na mara nyingi limerudi.

Kinachowezesha yote haya ni uzito wa shehena. Lori tupu lina mbio, halishikiki. Lori lililojaa linatambaa. Sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi huja kwa barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero, lakini bandari ya Bujumbura hupokea zake kwa maji kutoka Kigoma, kutoka Mpulungu nchini Zambia na kutoka Kalemie upande wa Kongo. Ziwe zimeshuka gatini au zimeshuka kwenye maghala ya viwandani, sehemu ya bidhaa hizo lazima ipande tena kwenda mikoani. Mji ukiwa na shehena ya kupandisha, mwendeshaji ana usafiri wa kurudi. Mji ukikosa, anabaki na miguu yake. Watu wa mipango huandika kuhusu bandari na kuhusu baiskeli kana kwamba ni nchi mbili tofauti; barabarani ni mnyororo mmoja.

Kijana huanza mapema, mara nyingi hajafika miaka 20, kwa baiskeli ya kuazima au ya kukodi, akimlipa mwenye nayo kila siku kabla hajajilipa mwenyewe. Akijaliwa, baada ya misimu michache hununua yake. Miaka yake mizuri ni ileile ya mwanamichezo: ishirini na kitu, hadi thelathini hivi. Katika umri huo hubeba mzigo mkubwa zaidi, hushuka upesi zaidi, hulala na kuamka amepona. Baada ya hapo mwili huanza kudai. Kwa anayeshindana Ulaya, kitu kinachopungua kwanza ni uwezo wa moyo na mapafu kupeleka hewa kwenye misuli. Kwa mtu wa Bugarama, mapafu hayafanyi kazi hiyo sana, kwa sababu kupanda anavutwa na kushuka anajizuia. Kinachoharibika ni vifundo vya mikono vinavyobana breki, kiuno kinachobeba mtikisiko wa mzigo, na bega moja, lile la mkono unaoshika lori, ambalo kwa miaka limevutwa juu wakati mwili umevutwa chini. Wengi wa waliofanya kazi hiyo muda mrefu wana bega la kulia lisilolingana na la kushoto. Hakuna daktari wa timu aliyewahi kulipima.

Kuna mwendeshaji mwingine, mzaliwa wa Afrika Mashariki, ambaye kushuka kwake kumeandikwa siku kwa siku, na kuna faida kuwaweka hawa wawili pamoja. Chris Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985. Alifundishwa baiskeli Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, na David Kinjah, ambaye mwaka 2002 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kusajiliwa na timu ya kulipwa ya Ulaya, Index-Alexia ya Italia. Froome aliikimbilia Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2006, akaingia Tour de France mwaka 2008 na timu ya Barloworld, na mwaka huohuo akahamia leseni ya Uingereza. Alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akashinda na Vuelta ya Hispania mwaka 2017. Mwaka 2019 alipewa pia Vuelta ya 2011, baada ya Mhispania Juan José Cobo kuvuliwa ushindi.

Tarehe 25 Mei 2018, katika hatua ya 19 ya Giro d'Italia, alitoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 80. Alitokea kwenye mlima wa Colle delle Finestre, ambao kilele chake kiko mita 2,178, kimo kinachokaribiana sana na cha Bugarama, na ambao njia yake ya juu ni ya changarawe. Alishinda hatua hiyo na akashinda Giro. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba huo ungekuwa ushindi wake mkubwa wa mwisho.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Juni 2019, alikuwa Roanne, Ufaransa, akiipitia njia ya mashindano dhidi ya saa katika Critérium du Dauphiné. Kwenye mteremko alitoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi. Upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta akiwa kwenye mwendo unaozidi kilomita 50 kwa saa. Alivunjika mfupa wa paja la kulia, kiwiko, mbavu, mfupa wa kifua, na uti wa shingo ukapata ufa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Kilichofuata kinafaa kusomwa kwa makini na kila anayeandika juu ya kushuka kwa wanamichezo, kwa sababu simulizi rahisi, ya kwamba ajali ilimmaliza, haitoshi. Februari 2020 alikuwa amerudi mashindanoni, kwenye UAE Tour. Timu yake ya Ineos haikumchukua kwenye Tour ya mwaka huo. Alihamia timu ya Israel kwa mkataba mrefu ulioanza 2021. Tarehe 14 Julai 2022 alishika nafasi ya tatu juu ya Alpe d'Huez, na kwa siku moja watu waliamini. Baadaye alieleza kwamba baiskeli aliyokuwa akiitumia haikupimwa kama ile ya miaka yake mizuri. Mwenye timu alisema hadharani kwamba kilichopatikana hakilingani na fedha zilizotolewa. Mwaka 2023 aliachwa nje ya Tour, na katika miaka yote na timu hiyo hakushinda hata shindano moja. Agosti 2025, akiwa mazoezini kusini mwa Ufaransa, alianguka tena, akapelekwa Toulon kwa helikopta akiwa na mbavu zilizovunjika, pafu lililosinyaa na ufa kwenye uti wa mgongo. Alikuwa na miaka 40.

Ukiondoa jina na mataji, yapo mambo matatu yaliyomshika alipokuwa akishuka. Kulikuwa na hospitali iliyomfanyia upasuaji siku ileile ya kwanza. Kulikuwa na mkataba uliomlipa hata pale miguu iliposhindwa kuutumikia. Na kulikuwa na mashindano yaliyobaki pale yalipokuwa: Alpe d'Huez haikufungwa, Tour haikuhamishwa, barabara alizozijua ziliendelea kumngoja hata kama hakuweza tena kuzishinda. Yeye alishuka, ulimwengu wa kazi yake ukabaki umesimama. Hilo la tatu husahaulika, nami nalihesabu kuwa zito kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalompa mtu nafasi ya kuamua mwenyewe lini aache.

Mtu wa Bugarama hana hata moja kati ya hayo. La kwanza na la pili hakuwahi kuwa nayo. La tatu alikuwa nalo, na ndilo alilonyang'anywa katika miaka kumi na ushei iliyopita.

Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Kwa wafanyabiashara ilikuwa maafa ya mitaji na mikopo, na mengi yameandikwa juu ya upande huo. Kwa waendesha baiskeli ilikuwa kitu kingine: mwisho wa safari ulipotea. Soko lile lilikuwa na bei inayojulikana na wanunuzi wa jumla mahali pamoja. Mkungu ulioshuka alfajiri ulikuwa umeuzwa kabla jua halijawa kali, na mtu aliweza kuwahi malori ya asubuhi yanayopanda. Baada ya moto, biashara ilitawanyika: Kwa Siyoni, Cotebu, Ruvumera kule Buyenzi, Kinama, Kamenge. Mwendeshaji akalazimika kuzunguka mjini na mzigo kutafuta mnunuzi, kilomita nyingi tambarare zenye joto la bondeni, baada ya mteremko uliokwisha kumchosha. Madalali wakapata nguvu, kwa sababu mtu aliyeshika usukani tangu saa kumi usiku hana subira ya kubishania bei saa nne asubuhi.

Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria katikati ya Bujumbura. Sababu zilizotolewa zilikuwa ajali na usalama barabarani, na sina nia ya kuzidharau. Mtu aliyeona barabara za mji zinavyosongamana jioni anajua kwamba jambo lilihitaji kufanywa. Lakini marufuku hayo yalikata njia kuelekea katikati ya mji na kuelekea upande wa bandari na viwanda, kulikokuwa na kazi za ziada. Mtu aliyemaliza kuuza makaa yake alikuwa akipata safari mbili tatu za kubeba mifuko ya unga au sabuni kutoka kwenye maghala kabla ya kupanda. Kipato hicho kilikuwa kidogo kwa siku moja, lakini kwa mwenye bega bovu ndicho kilichomwezesha kupunguza uzito wa mzigo wa Bugarama bila kupunguza chakula nyumbani. Vijana walipoteza nyongeza. Wazee wa kazi walipoteza njia ya kustaafu polepole. Tofauti hiyo haikuonekana katika tangazo lolote.

Kisha mafuta. Uhaba wa petroli na dizeli ulioanza kujitokeza karibu 2021 umeendelea na kuzidi, kwa sababu nchi imekosa fedha za kigeni za kununulia. Foleni za magari kwenye vituo zikawa sehemu ya mandhari ya mji. Watu wakaanza kutembea kutoka Kinama hadi mjini. Mtu angedhani uhaba wa mafuta ni neema kwa baiskeli, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo kwa wale wanaobeba abiria mitaa ya pembeni. Kwa wa Bugarama ulikuwa kinyume. Malori yalipungua njiani, na yaliyobaki yalikwenda kwa ratiba isiyotabirika. Mtu aliyeshuka asubuhi akitegemea kupanda saa sita alijikuta anangoja Gasenyi mpaka magharibi, au anaisukuma baiskeli kwa miguu kwenye mlima. Safari ya siku moja ikawa ya siku mbili. Mei 2023 benki kuu ikashusha thamani ya faranga kwa zaidi ya asilimia 30, na kila kitu kinachotoka nje, tairi, cheni, spoki, bolti, kikapanda bei. Tairi likipanda bei, mtu hushuka na tairi lililokwisha, na kona za mteremko hazijali kwamba thamani ya faranga imepungua.

La mwisho katika mfululizo huu ni ziwa lenyewe. Maji ya Tanganyika yamekuwa yakipanda kwa miaka, na mwaka 2024 yalivamia mitaa ya pwani, yakawang'oa watu wa Gatumba majumbani kwao, yakaingia hadi maeneo ya bandari. Shughuli za upakuaji zilisumbuka. Kwa wasimamizi wa bandari huo ulikuwa mjadala wa kuta, kreni na maghala. Kwa mnyororo niliouelezea, ilikuwa shehena pungufu ya kupandisha, kwa maana nyingine malori mazito machache, kwa maana nyingine mikono mingi inayongoja kushika chuma kisichokuja.

Kuna anayesema: wangekuwa wanariadha. Hoja hii husikika kila mara video ya mtu wa Bugarama akishuka kwa kasi inapozunguka kwenye simu za watu, na walio mbali huuliza kwa nini kijana kama huyo hayuko Tour de France. Rwanda inaonyesha kwamba hoja haina upumbavu wowote, na inaonyesha pia gharama yake. Abraham Ruhumuriza alikuwa dereva wa teksi ya baiskeli kabla ya kuishinda Tour du Rwanda mara tano kati ya 2002 na 2007. Gasore Hategeka alibeba viazi kwa baiskeli kaskazini-magharibi mwa Rwanda kabla ya kuingia timu ya taifa. Mwaka 2007 Mmarekani Jonathan Boyer, aliyewahi kuikimbia Tour de France, alifika Rwanda akaanza kuwapima vijana na kuwafundisha. Kupitia juhudi hizo Adrien Niyonshuti alipata mkataba wa kulipwa na timu ya MTN ya Afrika Kusini, na mwaka 2012 akabeba bendera ya Rwanda na kushindana kwenye Olimpiki ya London. Ilichukua baiskeli za mashindano, kambi, chakula, makocha, na uvumilivu wa miaka kadhaa kabla ya mtu wa mizigo kuwa mtu wa namba mgongoni.

Na hata hapo ngazi hiyo iliwachukua wachache. Ruhumuriza alipoanza kulelewa kimataifa alikuwa tayari ameshatumia miaka yake bora. Wale waliofika Ulaya wengi hawakukaa. Mkataba wa timu ndogo hudumu msimu mmoja au miwili, kisha mtu hurudi nyumbani akiwa na umri wa miaka ishirini na sita na jina linalofahamika kuliko kipato chake. Wakati Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ya kwanza katika bara la Afrika, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zaidi ya 267, zenye mita zaidi ya 5,000 za kupanda, na akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Barabara ya Taifa namba 1, ile ya Bugarama, inaendelea mpaka Kayanza na Kanyaru, mpakani mwa Rwanda. Burundi iliufunga mpaka huo Januari 2024. Waendesha baiskeli wanaoijua milima ya eneo hili kuliko mtu mwingine yeyote walikuwa safari ya saa chache kutoka kwenye mashindano hayo, kwenye barabara ileile, na njia ilikuwa imefungwa.

Mimi simlilii mtu wa Bugarama kwa sababu hakupata medali. Hilo ni jambo la wachache katika kila nchi, na Kinjah mwenyewe, aliyefika Italia mapema kuliko wote, amelitumia zaidi jina lake kuwafundisha vijana wa Kikuyu kupitia Safari Simbaz kuliko alivyolitumia kutafuta mkataba mwingine. Ninalolilia ni dogo na la kawaida: mtu aliyebeba mkaa wa kupikia wa mji mzima kwa miaka kumi na tano hana mahali panapomtambua anapochoka. Shirika la hifadhi ya jamii la Burundi, INSS, limejengwa kwa ajili ya wenye mwajiri na mshahara. Mtu wa Bugarama mwajiri wake ni mteremko. Vyama vya waendesha teksi za baiskeli viko mjini, na vinashughulikia vibali, faini na leseni. Havikuundwa kwa ajili ya mtu wa mizigo wa milimani ambaye huja na kuondoka siku ileile.

Kwa hiyo maisha ya baadaye hupangwa na bahati. Baadhi yao utawakuta Buyenzi, wamekaa na makopo ya misumari na spana mbele yao, wakirekebisha baiskeli za wengine. Mtu aliyejifunza kufunga breki kwa ajili ya kuokoa roho yake huwa fundi mzuri. Wengine hubeba abiria Kamenge na Kinama, safari fupi tambarare, kwa baiskeli ileile iliyotolewa karia pana na kuwekewa kiti. Wengine hurudi mlimani kulima shamba lililogawanywa kati ya ndugu mpaka likawa dogo. Wengine hawaachi, kwa sababu hawana wanachoendea, na hao ndio walio hatarini zaidi: mtu wa miaka arobaini anayeshuka kwa mzigo wa mtu wa miaka ishirini na tano, kwa tairi lililokwisha, akipanda na lori ambalo dereva wake ana haraka kwa kuwa mafuta yake hayatoshi.

Nimesikia hoja kwamba kazi hii inapaswa kufa, kwamba kubeba makaa kwa baiskeli na kushika malori ni aibu kwa nchi. Makaa yana mjadala wake, misitu inakatwa na mjadala huo ni wa haki. Lakini kazi haiishi kwa kuondolewa sokoni na barabarani huku mahitaji yaliyoizaa yakibaki. Watu wa Bujumbura bado wanapika, bado wanakula ndizi na kabichi za Bugarama. Kinachotokea ni kwamba kazi inaendelea ikiwa na kipato kidogo zaidi na hatari kubwa zaidi, na wanaoibakia ni wale waliozeeka nayo.

Yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Sehemu rasmi ya kushushia mzigo Gasenyi au Kamenge, yenye mizani na wanunuzi wa jumla, ingeirudishia kazi mwisho wake wa safari nje ya eneo lililokatazwa. Lori au gari la wazi la kupandisha baiskeli tupu kutoka hapo hadi Bugarama kwa nauli ndogo, hata mara mbili kwa siku, lingeondoa vizuri zaidi sababu ya kushika malori kuliko faini yoyote. Orodha ya waendeshaji ingewezesha mchango mdogo wa kila wiki wa bima, jambo ambalo vyama vya akiba vya vijijini Burundi vimeonyesha kwamba linawezekana kwa watu wenye kipato kidogo na kisichotabirika.

Wakati huohuo fedha kubwa zinakwenda kwenye mwisho mwingine wa mnyororo. Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya zinagharimia ukarabati wa bandari ya Bujumbura katika mradi wa kuimarisha usafiri wa Ziwa Tanganyika. Agosti 2025 ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ulizinduliwa, na lengo ni kuifikisha Gitega. Miradi hii itabadilisha ni shehena gani itashuka gatini na ni malori gani yatapanda Bugarama, yatakuwa mangapi na yatakwenda saa ngapi. Watakaokaa kwenye vikao vya makadirio watahesabu tani na makontena. Wanaohesabu malori kwa mikono yao, kwenye kona za juu ya Gasenyi, wanajua mambo kuhusu barabara hiyo ambayo hayamo kwenye makadirio yoyote, na ni haki yao kuulizwa kabla michoro haijapitishwa.